Tangi la Lita Sitini

Nianze na harufu, maana ndiyo iliyotuumbua. Jumamosi ile niliamka nayo puani, na kwa dakika nzima nikajidanganya kwamba ni rangi ya yadi, au panya aliyefia chini ya mbao. Lakini mimi ni mkunga mstaafu. Miaka thelathini na moja nimepokea watoto wa watu, na hakuna kitokacho kwa binadamu ambacho pua yangu haikijui. Nikageuka kumtazama mume wangu. Alikuwa macho, anaangalia dari, anapumua kwa mdomo.

"Unasikia harufu, Fundi?"

"Harufu gani?" akasema.

Mume wangu alikuwa fundi saa. Mtu aliyeishi miaka arobaini akiwinda chembe ya vumbi ndani ya saa ya mkononi, leo hasikii uvundo unaotoka chini ya godoro lake mwenyewe. Siku nyingine ningembana hadi aseme. Siku ile nilikuwa na langu moyoni, kwa hiyo nikasema labda ni panya, naye akakubali upesi kuliko kawaida yake kwamba ni panya.

Sisi tunakaa ndani ya mashua ya tanga. Tulipostaafu, wenzetu walijenga nyumba, sisi tukanunua chombo cha mita tisa chenye kitanda kimoja, meza ya kukunja, jiko la gesi na choo ambacho mlango wake haufungi mpaka uusukume kwa nyonga. Walituona tumerukwa na akili. Majini hatuna shida yoyote: mashua inafungwa gatini, unainua mguu mara moja umeshaingia ndani. Tabu yetu ni nchi kavu. Kila mwaka inabidi mashua ipandishwe yadi, isimamishwe juu ya nguzo za chuma, ikwanguliwe tumbo na kupakwa rangi. Kwa wiki nne nyumba yetu inakuwa ghorofani, na njia ya kuifikia ni ngazi ya chuma yenye vipandio kumi na vinne.

Choo cha mashua hakina shimo. Unamimina maji kwa jagi, unasukuma pampu ya mkono, na kila kitu kinakwenda kwenye tangi la lita sitini lililo chini ya kitanda. Tukiwa majini tunalipeleka kwenye gati lenye mashine ya kunyonya, mambo yanaisha. Nchi kavu mashine hiyo haifiki. Ndiyo maana kwenye ubao wa yadi sheria ya kwanza imeandikwa kwa rangi nyekundu: ni marufuku kutumia choo cha mashua iliyo juu ya nguzo. Ukibanwa, unashuka, unavuka yadi mpaka kwenye vyoo vya nyuma ya ghala, unarudi, unapanda. Ubao wenyewe una sheria kumi na tisa, zote zimeandikwa na msimamizi wa yadi kwa mkono wake, na sisi tunamwita Kanuni. Anaitika bila kinyongo.

Sasa niseme kwa nini ngazi ile ilikuwa inanikosesha usingizi. Mwaka jana Fundi aliteleza kwenye kipandio cha tatu kutoka chini. Alichubuka kiwiko, basi. Lakini habari zikawafikia watoto, na watoto wakaitisha kikao. Tunao wawili. Binti yetu ni mpima ardhi, anakaa nusu saa kutoka yadi. Kaka yake anakaa mji mwingine, safari ya kutwa nzima kwa basi. Walizungumza kwa adabu, kama watu waliokwisha kupatana kabla ya kuingia. Kila mmoja alikuwa na chumba kimoja cha ziada, kidogo. Mama angekaa kwa binti, Baba angekwenda kwa kaka.

"Hatusemi leo," binti alisema. "Ila siku mmoja wenu atakaposhindwa kupanda na kushuka ngazi mwenyewe, mashua inauzwa. Mnaahidi?"

Fundi alikuwa bado na hasira za kiwiko. Akaahidi, kisha akapanda ngazi yote kwa mkono mmoja ili wamwone. Nami nikaahidi, kwa sababu mwaka jana goti langu lilikuwa bado goti. Hakuna aliyelitaja lile neno kubwa lililokuwa katikati ya kikao, kwamba mimi na yeye tungeishi mbalimbali. Kwa miaka arobaini na mbili sijalala mbali na mwanamume huyu ila usiku wa zamu, na hata usiku wa zamu nilijua yuko kitanda gani na amelalia ubavu upi.

Tangu siku hiyo, mashua ikiwa nchi kavu, binti huja kila Jumamosi saa kumi jioni. Huleta nguo safi, huchukua chafu, na husimama chini ya ngazi tukishuka kumpokea. Hutazama tu, kama anavyotazama mipaka ya mashamba ya watu.

Basi nikiri. Mwaka huu, siku ya tano tu juu ya nguzo, goti lilikataa. Asubuhi niliweza kushuka, Fundi akinifuata nyuma, tukaenda kuoga, tukanunua mkate, tukapanda. Safari hiyo moja niliimudu kwa kuuma meno. Ya pili ndiyo iliyonishinda. Mchana nilipobanwa nilisimama juu ya ngazi, nikaitazama, nikarudi ndani. Nikakisukuma kile kimlango kwa nyonga, nikavunja sheria ya kwanza ya Kanuni, na ahadi yangu kwa wanangu nikaipeleka tangini. Jumamosi mbili zilizofuata binti alitukuta tumeshashuka; kupanda nilipanda akishaondoka, goti likishapoa.

Pampu ile inalia kama punda aliyenyimwa majani, kwa hiyo nilikuwa naimba. Kila nilipoisukuma niliimba kwa sauti ya juu, na Fundi alikuwa sitahani akipiga msasa mbao zake. Sijawahi kuwa mwimbaji. Mara moja kwa siku, jagi la maji na langu juu yake, nilikadiria lita mbili. Mkunga anajua kukadiria. Nikahesabu: mpaka Jumamosi ile siku kumi na sita, lita thelathini na mbili. Tangi lina sitini. Zilibaki siku nane mashua irudi majini, lita kumi na sita nyingine, na nafasi ingebaki. Hesabu yangu ilikuwa safi. Sasa harufu inatoka wapi?

Wahenga walisema siku za mwizi ni arobaini. Zangu ziliishia ya kumi na sita.

Tulikuwa tumeshatoka kuoga na kupanda, chai iko mezani, tuliposikia hodi kutoka chini. Nikachungulia. Alikuwa Kanuni, kofia mkononi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba. Kuna nini asubuhi yote hii?"

"Mashua yenu inatoa machozi, Mama. Ubavuni, upande huu."

Nikainama zaidi nikaona. Tangi la choo lina tundu dogo la kupumulia, linatokea ubavuni karibu na ukingo. Kutoka tundu lile mstari wa kahawia ulikuwa umeshuka juu ya rangi nyeupe mpaka kwenye nguzo.

"Mimi sitaki kujua imekuwaje," Kanuni akasema, akitazama kofia yake. "Ila Jumatatu vijana wangu wanapaka rangi tumboni, na siwezi kuwaweka chini ya mvua ya namna hiyo. Tangi liwe tupu leo. Isipowezekana itabidi nimpigie binti yenu, maana kwenye fomu namba iliyoandikwa ni yake."

Fundi alikuwa amejitokeza nyuma yangu, redio mkononi. Redio ile ilikuwa ugonjwa wake mpya. Wiki mbili zile alikuwa ameanza kuifungulia mpaka mwisho, hasa taarifa ya habari, na mimi nilikuwa nimeshajisemea moyoni kwamba masikio ya mume wangu nayo yamekwisha.

"Labda lilipandishwa likiwa limejaa," akasema.

"Labda," nikasema.

Tulikuwa tunadanganyana mchana kweupe. Tangi lilinyonywa siku moja kabla ya kupandishwa, na Fundi mwenyewe alilipigapiga kwa kifundo cha kidole, sikio ameliegemeza, kama alivyokuwa akisikiliza saa ya ukutani, akasema, tupu kabisa. Lakini nani angemkumbusha mwenzake? Mimi nilishukuru kwamba amesahau.

"Nitalimwaga mimi," nikasema.

"Nitalimwaga mimi," akasema yeye, sauti zetu zikagongana.

"Fundi, mikono yako inatetemeka. Utajimwagia."

"Na wewe ni mama mtu mzima. Kazi hii si yako."

"Mimi nimeshika ya watoto wa watu mia ngapi, leo nitashindwa na ya nyumbani kwangu?"

Tulibishana mpaka chai ikapoa. Kila mmoja alitaka aifanye kazi peke yake, mwenzake akapumzike ndani, akalale, akasome. Sijawahi kuona watu wawili wakigombea kinyesi kwa bidii ile. Mwisho ikabidi tugawane, kwa sababu haifanyiki na mtu mmoja: mmoja apampu juu, mwingine apokee chini. Chini akaenda nani? Mimi. Kushuka nakuweza, nikikaa kipandio kwa kipandio. Nikajisemea kupanda nitapanda baadaye, goti likishapoa, nikiwa peke yangu. Yeye alikubali haraka kubaki juu. Hilo nalo nililiona, nikaliacha lipite.

Kanuni alituazima pampu ya kunyonyea kwa mkono, bomba nene la mpira, glavu, toroli na madumu matatu ya lita ishirini. Alitukumbusha sheria ya kumi na mbili, kisimwagwe kitu ardhini, akaondoka zake kwa staha. Kifuniko cha shaba cha tundu la tangi, kule sitahani, kilikuwa kimeshika kutu ya kijani, na Fundi alikitia mafuta, akakisubiri, akakibembeleza kwa ufunguo wake mpaka jua likapinda. Hapo namsifu. Kitu kidogo kilichokwama hakijawahi kumshinda mume wangu kwa haraka, kwa sababu hana haraka nacho. Kilipofunguka, harufu ilifika mpaka kwenye mashua ya tatu. La kuvunda halina ubani.

Akateremsha bomba tangini, akaanza kupampu. Dumu likijaa analifunika, analifuta, maana nilimwambia nikiona tone nje ya dumu hatakula leo. Halafu analifunga kwenye kamba inayopandisha tanga kubwa, ile inayopita kwenye kapi, kigurudumu kilicho juu ya kichwa chake, na kulishusha kwangu taratibu. Mimi nalipokea, nalitia kwenye toroli, navuka yadi, namwaga chooni polepole, nasuuza, narudi. Dumu la kwanza lilikuja limejaa. Vizuri, lita ishirini. La pili nililitarajia liwe nusu na kitu, kisha tangi likauke.

Lilikuja limejaa mpaka shingoni.

Nilisimama na toroli langu nikalitazama. Thelathini na mbili zangu zilikuwa zimeshakwisha na nane juu yake. Nikajiuliza kama nimeanza kupoteza hesabu, kama ndivyo inavyoanza, mtu anaingia chooni na kusahau kwamba ameingia. Nililimwaga lile dumu nikihesabu upya. Niliporudi nilimwona Fundi ameinama juu ya tundu la sitaha, naye amekunja uso, kama mtu aliyefungua saa akakuta gurudumu moja la ziada.

"Bado lipo?" nikamwita.

"Lipo," akasema. "Lipo jingine zima."

Ilikuwa saa kumi kasorobo. Dumu la tatu lilianza kushuka, likafika katikati ya safari yake, sawa na kipandio cha saba, likasimama. Kamba ilikuwa imeruka kwenye kapi ikajibana. Fundi akavuta, haikupanda. Akaachia, haikushuka. Dumu likabaki linaning'inia hewani kando ya ngazi, lita ishirini, linajizungusha pole pole.

"Panda kidogo," akasema. "Ulinyanyue kwa chini, kamba ilegee, niirudishe."

"Shuka kidogo wewe. Ulinyanyue kwa juu."

"Wewe ndiye mwenye glavu."

"Nitakurushia."

Mimi nilikuwa chini, yeye juu, vipandio saba kila upande mpaka kwenye dumu, na hakuna aliyesogea. Nilitazama geti la yadi. Robo saa. Nikasema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, nikatia mguu kwenye kipandio cha kwanza. Cha pili nikakimaliza. Cha tatu goti likakataa kabisa, si kwa maumivu tu, lilikataa kama mtoto anayekataa kufungua mdomo. Nikaning'inia pale, mikono yote miwili imekumbatia chuma, nikijua kwamba ananiona.

"Shuka, mke wangu," akasema kwa upole.

Ana majina mengi ya kuniita. Hilo hulitoa mara chache. Nikashuka.

"Goti?" akauliza.

"Goti."

"Tangu lini?"

"Siku ya tano."

Alikaa kwenye ukingo wa sitaha, miguu ikaning'inia. Akanionyesha mikono yake, akainyoosha mbele ili nione vizuri inavyotetemeka. Tangu wiki ile ya kwanza, alisema, haamini tena kwamba vidole vyake vitashika chuma vinapoambiwa. Kila asubuhi alikuwa ananitanguliza, na nikishapotea nyuma ya ghala anajifunga kamba ya tanga kiunoni ndipo anashuka. Kurudi alinitanguliza vilevile, na nilipoingia ndani kuweka mkate aliivaa kamba ile tena. Mara moja kwa siku. Zaidi ya hapo aliogopa.

"Basi mchana..." nikaanza.

"Mchana nilikuwa nafungulia redio."

Nilimtazama mtu huyu. Pampu inayolia kama punda, na taarifa ya habari mpaka mwisho.

"Nami nilidhani umekuwa kiziwi."

"Na mimi nilidhani umepata furaha," akasema. "Ulikuwa unaimba kila siku. Nikasema, walau Mkunga wangu ana furaha mwaka huu, nisimharibie."

Hapo ndipo nilipoliwa na aibu, mimi niliyewaambia wajawazito miaka thelathini na moja kwamba mficha uchi hazai. Niliwaambia hata wake wa wakubwa. Halafu nikarudi nyumbani nikamficha mume wangu goti.

Fundi alikuwa anahesabu kwa vidole. "Wewe mara moja kwa siku?"

"Mara moja. Lita mbili."

"Na mimi hivyo hivyo. Siku kumi na sita. Thelathini na mbili, na thelathini na mbili." Akarudia vidole vyake. "Sitini na nne. Zimezidi nne."

"Zimekwenda wapi?"

Akanyoosha kidole kwenye ule mstari wa kahawia ubavuni. "Ndizo hizo."

Nilianza kucheka mimi. Nilicheka mpaka nikaegemea toroli, na yeye kule juu akacheka mpaka akashika mlingoti. Wazee wawili, kila mmoja mwizi, kila mmoja akidhani ghala ni la kwake peke yake. Nilikuwa bado najifuta macho niliposikia nyayo kwenye kokoto nyuma yangu.

Binti yetu alikuwa amesimama na mfuko wa nguo safi. Alimtazama baba yake juu, akanitazama mimi chini, kisha akalitazama dumu.

"Shikamoo, Mama. Hicho ni nini?"

"Marahaba. Hicho ni mimi na baba yako."

Hakucheka. Alisogea, akanusa, akauona ule mstari ubavuni. Mpima ardhi hahitaji kuelezwa mara mbili mahali maji yanapotoka na yanapokwenda.

"Nani ameshindwa ngazi?" akauliza.

"Mimi," akasema Fundi kutoka juu. "Mama yako anapanda kama paka."

"Mwongo," nikasema. "Wote wawili."

Aliweka mfuko juu ya tofali. Akavua viatu vyake vya ofisini, akakunja suruali, akaniomba glavu. Alipanda vipandio saba, akalikumbatia dumu kwa mkono mmoja na kulinyanyua hadi kamba ikalegea. Fundi akairudisha kwenye kapi, dumu likashuka salama. Aliliweka kwenye toroli mwenyewe, akalisukuma kuvuka yadi miguu mitupu. Nilimtazama mgongo wake akienda. Mtoto huyu nilimsafisha mpaka alipojua kwenda mwenyewe, na siku zote nilijua kazi hiyo huja ikageuka. Sikujua kwamba itaniuma kifuani namna ile, na kwamba maumivu yake yatakuwa matamu.

Alikawia. Aliporudi hakuwa peke yake. Kanuni alikuwa anasukuma kitu chenye magurudumu, na nilipokitambua nilitaka ardhi inimeze. Ilikuwa ngazi pana ya mbao, ya kutembea wima, yenye vishikio pande zote mbili.

"Imekuwa wapi hiyo?" nikauliza.

"Ndani ya ghala, Mama. Siku zote iko pale. Ni ya watakaoiomba." Akaisimamisha mashuani, akaibana breki, akaongeza kwa sauti ndogo, "Hata kwenye ubao ipo. Sheria ya kumi na tisa."

Sisi hatukuwahi kusoma zaidi ya ile ya kwanza.

Fundi alishuka akiwa wima, mkono huku na mkono huku, polepole, kama bwana anayeteremka kwenda kupokea wageni. Alipofika chini hakukaa. Alisimama mbele ya binti yake.

"Ahadi ni deni," akasema. "Tuliahidi wenyewe, hatukushikiwa kisu. Mashua ikamilike, ishuke majini, tumalize msimu huu. Baada ya hapo tafuteni mnunuzi. Sitageuza neno."

Binti alikuwa amekaa juu ya tofali, anavaa viatu. "Mngeniambia tu, Baba. Kwa nini mlificha? Mnajua mngeanguka?"

Fundi akageuka kuitazama ngazi, kwa hiyo nikasema mimi. Nilikuwa nimechoka kuficha.

"Kwa sababu mlitugawa. Huyu kule, mimi huku. Siku kumi na sita nimeingia kwenye kile choo kama mwizi ili nibaki na baba yako siku moja zaidi. Na yeye vilevile. Ndiyo sababu. Hakuna nyingine."

Binti alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini Mama, nyinyi mnagombana tangu nizaliwe. Asubuhi mnabishana, jioni mnabishana. Mimi na kaka tulisema, jamani, tuwapumzishe hawa."

"Mtupumzishe na nini?"

"Na... ninyi kwa ninyi."

Nikamshika mkono nikamketisha vizuri, maana alikuwa ameanza kuinuka. "Sikiliza. Mimi nikiamka asubuhi nisimkute wa kubishana naye, nitakuwa nimeshakufa, bado kuzikwa tu. Tunagombana kwa sababu bado tuna ya kuambiana."

Akafunga kamba ya kiatu, akaifungua, akaifunga tena. Macho yake yalikuwa yamejaa, na alipoongea aliongea na kile kiatu.

"Ningewachukua wote wawili tangu mwanzo. Si kwamba sikutaka. Chumba ni kidogo, Mama. Nilikipima mimi mwenyewe mara mbili. Mita tatu kwa tatu na nusu. Kitanda cha wawili kikiingia hamna hata pa kugeukia. Niliona aibu kuwaambia wazazi wangu waje wabanane hapo."

Fundi aliinua uso akaitazama mashua yetu kule juu, na mimi nikaitazama naye: kitanda kinachoanzia ukutani na kuishia ukutani, meza inayokunjwa ndipo mtu apite, choo cha kusukumwa kwa nyonga. Kisha akaniletea mkono wake unaotetemeka, nami nikaushika.

"Mita tatu kwa tatu na nusu," akasema. "Mkunga, si tutapotezana humo?"